Nje ya Lango la Shule

Makala tulizozipokea kwa ajili ya toleo hili zimefufua mabishano ambayo nilidhani yamekwisha: kama kijana mwenye ulemavu afundishwe amali katika karakana ya peke yake, pamoja na wenziwe wa hali moja, au aingizwe katika chuo kimoja na vijana wote. Nimezisoma kwa heshima, kwani zimeandikwa na watu walioitumikia kazi hii kwa umri wao wote. Lakini siwezi kuficha kwamba zimeniudhi, kwa sababu pande zote mbili, pamoja na ufasaha wa hoja zao, hufika langoni mwa shule zikasimama. Zinatuambia mwanafunzi aingie vipi na afundishwe nini; hazituambii ni nani atakayemngojea nje siku ya kuondoka, kwa dhamana gani, na kwa muda gani.

Wilaya yetu ya Lushoto inastahili kuliuliza swali hili kwa sauti, maana haikupungukiwa na mafundisho. Shule ya wasioona ya Irente, iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, imekuwa ikifundisha tangu mwaka 1963. Jirani yake, tangu 2005, ipo shule ya Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Na kule Magamba chuo kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa kilianza mwaka 2007, kikajipatia sifa kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Lau kufundisha peke yake kungetosha, vijana wenye ulemavu wangekuwa wameenea katika masoko ya Soni na Lukozi, wakipima, wakiuza, wakishona na kuweka hesabu. Wapo wachache, na ukiuliza kila mmoja alifikaje pale, aghalabu utaambiwa habari ya mjomba, mchungaji au mwalimu aliyemhangaikia kwa hiari yake. Hisani ya namna hiyo ni tukufu, lakini si adili haki ya mtu kutegemea bahati ya kumpata mhisani.

Watetezi wa sheria watanijibu kwamba haki hiyo imekwisha kuandikwa, nao wasema kweli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, inamwagiza mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, na laiti ingekaguliwa kwa bidii ile ile inayokaguliwa kodi. Lakini fanya hesabu: asilimia 3 ya watu 20 haifiki mtu mmoja, na ni lazima mwajiri awe na watu 34 ndipo asilimia hiyo itimize mtu kamili. Sasa tembea kutoka Mombo hadi Mtae ukiwahesabu waajiri wa kadiri hiyo: utaihesabu Serikali yenyewe, hospitali, viwanda vya chai na taasisi za dini, kisha hesabu itakwisha upesi. Riziki ya Usambara haitoki kwa mwajiri mwenye daftari la mishahara. Hutoka katika shamba, kinu, cherehani, mbao na lori la mboga, na huko sheria ya asilimia haina mkono.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo limenisukuma kuandika, na ambalo hakuna hata mmoja wa waandishi wetu aliyeligusa: ardhi. Miongoni mwa Wasambaa kijana huanza maisha ya kazi siku baba anapomwonyesha kipande cha kulima, na kipande hicho ndicho rasilimali yake, dhamana yake na heshima yake mbele ya wenziwe. Milima yetu imejaa watu, mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena, na bonde lenye maji, ambalo ndilo huzaa kabichi, karoti na nyanya za kupeleka Dar es Salaam, ni tunu ambayo ndugu huigombania. Katika mgawanyo wa namna hiyo mtoto aliyepelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, akakua mbali na macho ya ukoo wake, na ambaye kila mtu amekwisha kukata shauri kwamba atalishwa na kaka zake, ni mwepesi sana wa kusahauliwa. Hakuna anayemdhulumu kwa kusudi. Jina lake halitajwi tu. Akirudi nyumbani na cheti chake hukuta bonde limekwisha, naye hugeuzwa mgeni wa kudumu katika nyumba ya nduguye, akila kwa adabu na kungoja kutumwa.

Kwa hiyo nasema kwamba mpango wowote wa kumvusha mwanafunzi kutoka shuleni kuingia kazini katika milima hii, usioanza kwa kumketisha baba, mama na wazee wa ukoo, miaka kadhaa kabla ya mtihani wa mwisho, wakaulizwa mbele ya mashahidi fungu la mtoto huyu liko wapi, ni mpango uliochelewa kabla haujaanza. Huko Marekani sheria inaagiza mpango wa kuvuka uwe umeandikwa mwanafunzi atakapokuwa na umri wa miaka 16. Sisi tunao ukoo, mashahidi na desturi ya baraza, na tunaweza kuanza mapema kuliko hapo. Wala asiniambie mtu kwamba asiyeona au mwenye ulemavu wa akili hana analoweza kulitenda shambani: kitalu huhitaji mikono yenye subira, karoti huhitaji kuoshwa, kuchambuliwa na kupangwa magunia, na hesabu ya mizigo huweza kuwekwa kwa nukta nundu sawasawa na kwa wino.

Ni nani, basi, atakayeliketisha baraza hilo? Shule za msingi na sekondari zimo chini ya TAMISEMI. Mafunzo ya ufundi yamo chini ya Wizara ya Elimu kwa njia ya VETA. Ajira imepewa ofisi nyingine. Katika halmashauri yupo afisa wa elimu maalumu, yupo wa ustawi wa jamii, yupo wa maendeleo ya jamii ambaye hupitisha mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo sehemu 2 kati ya 10 ni ya watu wenye ulemavu, mikopo iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kila mmoja ana jalada lake, na jalada la mwanafunzi hufungwa siku anapomaliza. Fauka ya hayo, wilaya yetu ina halmashauri mbili: mtoto wa Mponde akisoma Irente husomea Lushoto, kisha hurudi kwao Bumbuli, na karatasi zake hazivuki naye. Nadai, kwa hiyo, jambo moja lisilohitaji jengo jipya: kila halmashauri imteue mtu mmoja kuwa mratibu, mwenye orodha ya wanafunzi kwa majina, atakayeulizwa habari ya kila kijana hata miaka 3 baada ya kutoka shule. Mwenye kuulizwa ndiye hutenda.

Toleo hili lina mengine. Makala ndefu juu ya vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu, cha Yombo na kile cha Masiwani, Tanga, ni hazina kwa mwenye kutaka historia. Mwalimu wa viziwi anaeleza kwa nini fundi seremala anayemchukua mwanagenzi kiziwi hana budi kujifunza walau maneno ya alama ya kazi yake, na hoja yake haina jibu. Waraka mfupi juu ya vijana wenye ualbino unatukumbusha kwamba jua la mlimani huunguza hata penye baridi, na kwamba kumpangia kijana huyo kibarua cha kulima mchana kutwa ni kumpeleka kwenye saratani. Usomwe na kila afisa wa ajira. Mwandishi wa makala juu ya mkondo mpya wa amali katika sekondari, ulioletwa na sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023, ana matumaini makubwa kuliko yangu, naye nimemwachia nafasi yote aliyoitaka.

Nawaomba madiwani wa Lushoto na Bumbuli, kabla bajeti ijayo haijafungwa, wamtaje mratibu niliyemdai kwa cheo, wampe pikipiki na mafuta ya kufika Mlalo na Mtae, na waitake taarifa yake isomwe katika kila kikao cha baraza.