Kabla hujamgombeza kwa sababu ya ripoti

Mzazi mwenzangu, ripoti za muhula zimefika. Najua kuna nyumba ambazo wiki hii chakula cha jioni kimeliwa kimya kimya kwa sababu ya karatasi moja. Kabla hujamwita mwanao sebuleni, ngoja nikusimulie habari za Niels Finsen.

Finsen alizaliwa mwaka 1860 katika visiwa vya Faroe. Alipopelekwa shule ya bweni nchini Denmark, mkuu wa shule alimwelezea kuwa ni mtoto mwenye moyo mzuri, lakini uwezo na bidii ni vidogo. Akahamishiwa Iceland, shule aliyosoma baba yake. Hata huko hakung'ara: alimaliza akiwa na miaka 21, nafasi ya 11 kati ya wanafunzi 15.

Baadaye alisomea udaktari Copenhagen. Wakati huo alikuwa mgonjwa, mchovu, ana upungufu wa damu, na nyumba aliyoishi haikupata jua la kutosha. Akajiuliza: jua linaufanyia nini mwili wa binadamu?

Swali hilo likawa kazi yake. Alichukua taa kali ya umeme, akakusanya mwanga wake kwa lenzi, akaupoza kwa maji ili usiunguze, kisha akawamulika wagonjwa wa kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukiharibu nyuso za watu. Wengi walipona. Mwaka 1896 taasisi yake ya tiba ya mwanga ilianzishwa Copenhagen, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 43.

Leo ugonjwa ule unatibiwa kwa dawa, lakini mwanga bado ni tiba. Waulize wazazi ambao kichanga chao kiliwahi kulazwa chini ya taa za buluu kwa sababu ya manjano.

Sisemi ripoti itupwe. Isome, nenda shuleni, zungumza na mwalimu. Ila usianze na nafasi aliyoshika. Muulize kwanza: unalala vizuri? Ubaoni unaona? Kuna kinachokusumbua? Halafu muulize jambo gani analitafakari hata bila kuambiwa na mwalimu. Hilo halina safu kwenye ripoti, na anayeweza kulijua mapema ni wewe.