Esanse ya ndege ndogo isifike Bangboka juu ya pikipiki

Kutoka katikati ya mji wa Kisangani hadi uwanja wa ndege wa Bangboka ni kilometa karibu 17. Kwa abiria ni safari fupi. Kwa mtu aliyefunga bidoni mbili za esanse nyuma ya pikipiki, ni kilometa 17 za mashimo, breki za ghafla na watoto wanaotoka masomo. Katika mji ambamo bidoni ya manjano inabeba mawese leo na esanse kesho, wengi hawaoni tena hatari hiyo. Mafuta ya ndege yanapaswa kuwa na chombo chake, gari lake na mtu wa kuyajibia.

Wengine watashangaa: ndege na esanse ya magari, wapi na wapi? Ndege kubwa, pamoja na ndogo zenye turbini kama Cessna Caravan na Let 410, zinatumia kerozeni. Lakini ndege ndogo za pistoni, kama Cessna 172 na 206, zinatumia Avgas, esanse maalum ya ndege. Avgas ni haba na ghali katika nchi nyingi za Afrika. Tangu 1982, Marekani ilianza kuruhusu aina fulani za ndege ndogo kutumia esanse ya magari, na injini ya Rotax 912 ilitengenezwa kwa kuipokea. Kwa hiyo jambo lenyewe si wazimu. Ila ruhusa inafuata aina ya ndege na injini yake, haifuati mapenzi ya rubani.

Shida kubwa iko njiani. Kerozeni ya ndege inahitaji joto la digrii 38 ao zaidi ili itoe mvuke wa kutosha kushika moto. Esanse inatoa mvuke huo hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sufuri. Maana yake, kwa joto la Kisangani iko tayari kuwaka saa zote, mchana na usiku. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unashuka chini, unatambaa, unajaa ndani ya gari lililofungwa. Cheche moja inatosha, hata ile ndogo ya umeme unaojikusanya mafuta yanapomiminwa. Bidoni ya plastiki haipitishi umeme huo kwenda ardhini; inaubakiza palepale penye mvuke.

Watu wa Mashariki hawahitaji kufundishwa esanse inaweza kufanya nini. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu ya Kusini, gari la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika, na wakaaji wakakimbilia kuyachota. Moto ulipowaka uliua watu zaidi ya 230, wakiwemo waliokuwa wamekaa kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Tarehe 6 Oktoba 2018, huko Mbuba, Kongo Central, gari lingine la mafuta liligongana na gari, watu wapatao 50 wakafa. Bidoni mbili si gari zima la mafuta, ni kweli. Lakini zinatosha kabisa kumaliza dereva, abiria wake na kibanda cha pembeni.

Watakaosema kwamba usalama ni ghali wahesabu vizuri. Kinachoombwa ni bidoni za chuma zenye kifuniko kinachofunga vizuri, zisizojazwa hadi mdomoni kwa sababu mafuta yanavimba kwa joto. Ni gari la wazi nyuma, bila abiria wala mizigo mingine, bidoni zikiwa zimefungwa wima, na kizima-moto cha unga karibu na dereva. Bidoni ijazwe ikiwa chini, juu ya udongo. Kwenye ndege, waya uunganishe bidoni na ndege kabla ya kumimina, injini ikiwa imezimwa, bila sigara wala simu. Haya yote hayafikii bei ya mazishi ya mtu mmoja.

Kuna jambo la pili linalosahauliwa: mafuta yenyewe. Esanse ya Kadhafi wa pembeni ya barabara inaweza kuwa na maji, uchafu ao petroli ya taa. Pikipiki ikizimika kwa sababu hiyo, dereva anashuka na kusukuma. Ndege ikizimika juu ya pori la Tshopo, hakuna wa kusukuma. Mafuta ya ndege yanunuliwe kwenye kituo kinachojulikana, yachujwe, yaachwe yatulie, kisha yatazamwe ndani ya chupa nyeupe: maji yanakaa chini. Pombe pia ipimwe, kwa kutikisa mafuta pamoja na maji kidogo. Sehemu ya maji ikiongezeka, mafuta hayo yasiingie ndani ya ndege. Na kila bidoni iandikwe wazi, kwa sababu kerozeni ndani ya injini ya pistoni inaangusha ndege.

Sheria ya anga ya Kongo ipo tangu tarehe 31 Desemba 2010, na wakubwa wa kuitekeleza wanajulikana. AAC iwaambie wenye ndege ni nani ana ruhusa ya kutumia esanse ya magari. RVA ionyeshe mahali pamoja pa kuipokea Bangboka, mbali na abiria, na iandike kila bidoni inayoingia. OCC ipime ubora. Polisi ya barabara isimamishe pikipiki yenye esanse ili kuizuia isiendelee, si kwa ajili ya kupokea kitu kidogo na kuiachia. Na wenye ndege waache kumtupia kijana wa moto hatari ambayo wao wenyewe hawangekubali kuibeba mgongoni.