Nanoselulosi inahitaji kemia

Sikubaliani na hoja kwamba nanoselulosi safi, yaani selulosi iliyotenganishwa kuwa nyuzi nyembamba mno, ni ile isiyoguswa na kemikali. Nyuzi za selulosi zimeshikana kwa vifungo vingi vya haidrojeni, na kuzitenganisha kwa mashine pekee hula umeme mwingi mno. Ndiyo maana teknolojia hii ya kutenganisha nyuzi, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, ilichelewa kuingia viwandani. Akira Isogai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo waliioksidisha selulosi ndani ya maji kwa kichocheo cha TEMPO: uso wa kila unyuzi ukapata chaji hasi, nyuzi zikasukumana zenyewe, mashine ikabakiwa na kazi ndogo. Unyuzi unaopatikana una upana wa nanomita 3 hadi 4 tu!

Wapo watakaosema haipokloraiti inayotumika katika uoksidishaji huo ni uchafuzi mwingine. Pingamizi hilo ni zito, maana majitaka yake lazima yasafishwe. Lakini umeme unaookolewa nao ungekuwa na moshi wake, hasa unapozalishwa kwa makaa ya mawe. Mimi nahofia zaidi unyevu: chaji zilezile huufanya utando wa nanoselulosi unywe maji, na dawa yake ni kemia tena, mathalani kubadilisha ayoni za sodiamu kwa za kalsiamu.