Kesi za Wanafunzi Zirudi Bwaloni

Didia, kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Tinde, mtoto hukua akijua kwamba kesi husikilizwa mbele ya watu. Sungusungu, walinzi wa jadi, walipoibuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwizi wa ng'ombe alifikishwa dagashida, mkutano wa kijiji, akahojiwa, akatozwa faini au akatengwa hata moto asiombe kwa jirani. Mtoto huyohuyo akifika sekondari, kosa lake huamuliwa kwa dakika mbili mlangoni mwa ofisi.

Nilisoma bweni wakati baraza la wanafunzi bado lina meno. Siku moja ndoo ya mwenzetu ilipotea. Mtuhumiwa akasimamishwa katikati ya bwalo, mashahidi wakaitwa mmoja mmoja, mpaka mpishi akasema ndoo iko jikoni, imewekewa maharage. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amekaa nyuma, kimya. Angeamua peke yake, yule kijana angekwisha kuchapwa.

Leo kiranja amebaki kuandika majina ya wapiga kelele. Vyuoni nako wanafunzi hupewa mwakilishi kwenye kamati ya nidhamu, lakini uamuzi ni wa wakubwa. Mazoea haya ni ya zamani. Mwaka 1966 wanafunzi karibu 400, wakiwemo wa chuo kikuu Dar es Salaam, walirudishwa makwao kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliyewafukuza akaandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shule. Maneno hayo ndiyo ninayoyashika.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne na viandikwe kitabuni. Ni kinga, lakini kuhesabu viboko si kusikiliza kesi.

Hofu ya walimu ina msingi. Sungusungu nao waliwahi kupiga na kuua watu bila ushahidi, na wanafunzi wakiachwa peke yao wataonea wanyonge. Ndiyo maana mwalimu awepo, rufaa iwepo, na makosa ya jinai yaende polisi.

Yaliyobaki ni ya wanafunzi. Wakuu wa shule wa Shinyanga, muhula huu warudishieni kesi za ndoo, za deki na za kuchelewa mstarini. Kaeni nyuma, msikilize.