Kabla ya Kununua Memori, Iulize Kerneli

Kimya changu kina sababu: hifadhidata ya makala zetu za zamani pale ofisini iligoma kuwaka. Mashine yenyewe ni kuukuu, Linux yenye kerneli 2.6 na PostgreSQL 8.4. Fundi aliipandishia hifadhidata memori ya kufanyia kazi kutoka megabaiti 24 hadi 512, akaiwasha upya, ikakataa. Hukumu ikatoka mchana huohuo: memori haitoshi, tununue. Ankara ya makadirio ikaanza kutembea meza kwa meza.

Mimi si fundi. Ni mwandishi, kazi yangu kuuliza. Nikaomba tusome logi. Kumbe PostgreSQL ilishajieleza yenyewe: fungu la memori ya pamoja iliyoliomba limezidi SHMMAX, kiwango cha juu ambacho kerneli inaruhusu kwa fungu moja. Hakuna aliyekuwa amesoma mpaka mwisho! Tukaandika amri mbili:

free -m
cat /proc/sys/kernel/shmmax

Ya kwanza ikaonyesha gigabaiti 4, zaidi ya nusu hazina kazi. Ya pili ikajibu 33554432. Gawanya kwa 1024 mara mbili, unapata megabaiti 32. Ghala lilikuwa tupu, mlango ndio mwembamba, na sisi tulitaka kununua ghala la pili. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja:

sysctl -w kernel.shmmax=1073741824

Kisha tukauandika mpangilio huo ndani ya /etc/sysctl.conf, maana bila hivyo umeme ukikatika mnarudi mlikotoka. Gharama: dakika kumi.

Najua wajuzi mtanicheka. Mtasema PostgreSQL 9.3 ya mwaka 2013 ilipunguza sana haja ya memori ya aina hiyo, na kerneli 3.16 ya mwaka 2014 ikapandisha kiwango hicho mno. Kweli kabisa. Lakini mipaka haikufa, imehama tu. Leo andika ulimit -a uone. Kama programu yako inaishi ndani ya kontena, soma memory.max chini ya /sys/fs/cgroup. Mashine ina gigabaiti 64, programu imepewa moja, halafu mnalaumu mashine.

Wala sisemi fungueni milango yote. Mpaka una maana yake: unazuia programu moja isile sahani ya wenzake. Ninachogombana nacho ni tabia yetu ya kufungua pochi kabla ya kufungua logi. Ofisi inayochelewesha posho za waandishi ilikuwa tayari kulipia vyuma ambavyo visingebadilisha kitu, kwa kuwa mpaka ungebaki palepale.

Mwandishi hachapishi habari bila kuuliza chanzo. Kwenye seva, chanzo ni kerneli, na haiombi bahasha ili ijibu.

Kwenu je, mara ya mwisho mlinunua nini bila kupima?