"Ravel Alikuwepo Studio" Isigeuzwe Fimbo ya Kuwachapia Wasikilizaji Wapya

Wadau, kuna tabia imeota mizizi kwa mashabiki wa muziki wa klasiki mitandaoni na leo lazima isemwe. Majina yakae kapuni, wenyewe wanajijua.

Stori huwa ni ile ile. Mtu mgeni anajitokeza, anaandika kwa furaha zake kwamba kwarteti ya Ravel imemkosha, na rekodi aliyoisikia ni ya Quatuor Ébène ya mwaka 2008. Hajakaa hata dakika mbili, mjuaji anamtokea. Anaambiwa hiyo si kitu, akasikilize ya 1934 kwa sababu Ravel mwenyewe alikuwepo studio. Mjadala umefungwa hapo. Mgeni anafuta posti yake, mjuaji anavuna like zake, na muziki wenyewe haujazungumzwa hata sekunde moja.

Kwa wasioifahamu ngoma inayogombaniwa, ni kazi ya watu wanne tu: fidla mbili, viola moja na selo moja. Maurice Ravel aliimaliza mwaka 1903 akiwa hajafika miaka 30, ikapigwa mara ya kwanza Paris Machi 1904. Ina sehemu nne na inaingia nusu saa hivi. Mara nyingi inauzwa pamoja na kwarteti ya Claude Debussy ya 1893, kwa sababu zote mbili zinaenea kwenye sahani moja. Ndiyo maana bifu la rekodi za Ravel halikosi kumvuta na Debussy ndani.

Sasa hoja ya "Ravel alikuwepo" ina tatizo ambalo hao wajuaji huwa wanalikaushia. Rekodi zenye baraka za Ravel ni mbili. Ya kwanza ilifanyika Uingereza mwaka 1927, ikapigwa na International String Quartet chini ya fidla ya André Mangeot, na Ravel akahusishwa. Ya pili ni hiyo ya 1934 ya Galimir Quartet kutoka Vienna. Ziweke moja baada ya nyingine uone: hazifanani. Kila kundi lina mwendo wake, lina namna yake ya kuvuta upinde na ya kuteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine. (Huo utelezi ulikuwa fasheni enzi hizo. Aliyezoea fidla za taarab hatashtuka, ila vijana wa siku hizi huwa wanadhani mtu kakosea.) Kama baraka za mtunzi ndiyo hukumu ya mwisho, basi hukumu zimetoka mbili. Ipi ya kweli? Hapo ndipo mjuaji anapoanza kuandika kwa herufi kubwa.

Halafu njoo kwa Debussy. Huyu alifariki Machi 1918, na kurekodi kwa maikrofoni kuliingia studio mwaka 1925. Hakuna kundi lililokaa naye chumba kimoja likaipiga kwarteti yake mbele ya maikrofoni. Kwa sheria ile ile ya "mtunzi alikuwepo", rekodi zote za Debussy zina sifuri. Lakini nenda kawaone hao hao wakibishana kuhusu Debussy! Ghafla wanaongelea sauti, pumzi, uzito wa selo, wanaisifia ile ya Quatuor Capet ya miaka ya 1920 na hakuna anayeuliza nani alikuwa amekaa studio. Kwa hiyo masikio wanayo. Kwa Debussy wanayatumia, kwa Ravel wanatumia cheti.

Kuna na suala la mitambo. Upande mmoja wa santuri za zamani ulibeba kama dakika nne tu. Kazi ya nusu saa ilibidi ikatwe vipande kama saba. Wanamuziki wanapiga, wanasimama, sahani inabadilishwa, wanaendelea pale walipoishia. Hebu fikiria sehemu ya tatu ya hii kwarteti, ambayo ni polepole mno na inahitaji utulivu wa mwisho wa dunia, inapigwa huku kila mtu anajua dakika zinakimbia. Mtu anayesema kasi ya rekodi ya zamani ndiyo kasi aliyoitaka Ravel amuulize kwanza fundi wa santuri. Tena Ravel alishaandika namba za mwendo kwenye karatasi yenyewe ya muziki, ipo, inauzwa, yeyote anaweza kufungua.

Na huyo Ravel anayegeuzwa nabii hakuwa hivyo hata kwake mwenyewe. Kazi alimtunukia mwalimu wake Gabriel Fauré, na inasimuliwa kwamba mwalimu hakuifurahia sehemu ya mwisho. Inasimuliwa pia kwamba Debussy alimsihi asiguse hata noti moja. Mwaka 1910 ikatoka chapa mpya, na Ravel kaigusa. Yaani mtunzi alibadilisha mawazo yake akiwa hai, lakini shabiki wa miaka mia baadaye hataki mtu abadilishe hata kasi ya kudonoa nyuzi.

Ila jambo linalokera kuliko yote si hilo. Linalokera ni jinsi hiyo rekodi ya 1934 inavyotajwa bila watu walioipiga. Galimir Quartet walikuwa ndugu wa tumbo moja: Felix kwenye fidla ya kwanza, na dada zake watatu, Adrienne fidla ya pili, Renée viola, Marguerite selo. Wanawake watatu kwenye kwarteti, Vienna, miaka ya 1930, familia ya Kiyahudi, wanaenda kumpigia Ravel kazi yake mwenyewe na anaikubali. Hiyo peke yake ni stori ya kuandikiwa posti kumi. Baadaye Felix alipata nafasi Vienna Philharmonic, akatolewa kwa sababu ni Myahudi. Mwaka 1938, mwaka ambao Wanazi waliimeza Austria, alikuwa tayari anaanza maisha upya Marekani. Huko akaingia orkesta ya NBC chini ya Toscanini, akafundisha vijana hadi uzeeni, akafariki 1999. Kundi la ndugu wanne likabaki kwenye santuri tu.

Sasa mtu anachukua kazi ya watu hao, anaifanya rungu la kumpiga mtoto wa watu aliyeanza kusikiliza jana. Muulize nani alikuwa kwenye viola, hajui. Anamjua Ravel aliyekaa pembeni. Waliovuta upinde hawajui. Huo ndio ushabiki maandazi wenyewe, hata kama umevaa suti.

Timu ya upande wa pili nayo isishangilie mapema. Wapo wanaosikia mchakaracho wa santuri sekunde tatu wanaruka, wanasema sauti mbovu, ya kizee. Wengine wanaijua sehemu ya pili peke yake, ile ya kudonoa nyuzi kwa vidole, kwa sababu ilitumika kwenye filamu ya The Royal Tenenbaums ya 2001. Ni tamu kweli, inachangamka, inafaa kwa klipu. Lakini kupanga nani bora kwa kipande hicho tu ni utani. Makundi yote makubwa yanakiweza. Ni kama kumpima mpishi kwa chai.

Pa kupimia ni sehemu ya tatu, Très lent. Nyuzi zimefungwa kizibo, sauti imekuwa ya kunong'ona, viola inaingia na wimbo wake kama mtu anayeongea usingizini, halafu kila wakati kuna kitu kinamkatisha. Hapo rekodi zinaachana kabisa.

Quartetto Italiano, mwaka 1965, wanaipiga kama watu waliokaa nyumba moja muda mrefu. Na kweli: kundi lilianza 1945, na fidla ya kwanza na ya pili, Paolo Borciani na Elisa Pegreffi, walikuwa mume na mke. Hawana haraka. Sauti nne zinayeyuka, huoni mshono. Ukitaka uzuri wa kukaa nao usiku taa zimezimwa, hii haina mpinzani. Udhaifu wake ni huo huo uzuri: pale muziki unapotaka kuogopesha, wao bado wanapendeza.

Quatuor Ébène wanaogopesha. Wanashuka hadi unadhani simu imezima, kisha wanapanda mpaka unaitafuta batani ya kupunguza. Hawa ndio wale wale waliokuja kupiga Misirlou, ile ya Pulp Fiction, kwenye albamu yao ya Fiction ya 2010, na wapo walionuna kuona watu wa kwarteti wanacheza na muziki wa sinema. Wanune tu. Rekodi yao ya Debussy, Fauré na Ravel ilibeba tuzo ya rekodi ya mwaka ya jarida la Gramophone, 2009. Mtu anaweza kusema wanazidisha mbwembwe, na kuna sehemu ni kweli, hasa mwisho wanapokimbia kama wanadaiwa. Lakini aseme ni wapi, dakika ya ngapi. Hiyo ndiyo hoja.

Na Galimir? Wanaipiga bila kupaka sukari. Nyuma ya mchakaracho unasikia watu wanne wanaozungumza lugha moja ya nyumbani, hakuna anayejionyesha. Viola ya Renée haiombi huruma. Anayetaka kujua kwa nini hiyo rekodi ni kubwa aisikilize kwa sababu hiyo, na angeipenda hata kama Ravel siku hiyo angekuwa amelala na mafua.

Mgeni aliyeanza na Ébène kaanza vizuri tu. Aende Italiano akipata nafasi, ashuke hadi 1934 masikio yakishazoea, arudi alikoanza, na aseme anachokisikia bila kuomba ruhusa. Komenti ziko wazi. Ila atakayeandika "Ravel alikuwepo" aandike na jina la aliyekuwa kwenye selo.