Samaki Mmoja Akioza: Maoni Kuhusu Riwaya ya Nairobi Heat

Mwanafunzi mpendwa wa kidato cha nne, huenda umewahi kuambiwa kwamba riwaya ya upelelezi ni ya kupitishia wakati tu. Sikubaliani na kauli hiyo. Riwaya nitakayoijadili hapa haimo katika orodha ya vitabu utakavyotahiniwa. Hata hivyo, ukiisoma kwa makini itakufunza stadi unayoihitaji katika kila kitabu teule, nayo ni kutenganisha kosa la mtu na jamii anayotoka.

Riwaya yenyewe ni Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi, mwandishi Mkenya aliyezaliwa Marekani na kulelewa Kenya. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2009. Msimulizi wake ni Ishmael, mpelelezi Mmarekani mweusi katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin. Maiti ya msichana Mzungu inapatikana mlangoni pa nyumba ya Joshua Hakizimana, Mnyarwanda anayefunza katika chuo kikuu cha mji huo. Joshua si mtu wa kawaida. Anasifiwa kote kuwa shujaa aliyewaokoa watu wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka wa 1994. Ishmael anapigiwa simu na mtu asiyejitambulisha, anayemwambia kwamba ukweli anaoutafuta uko Nairobi. Anasafiri, na huko anashirikiana na mpelelezi Mkenya anayeitwa O.

Msimamo wangu ni huu: ubora wa riwaya hii hauko katika swali la nani aliua. Uko katika mitego miwili anayotegewa msomaji, ambayo wengi hunaswa nayo hata nje ya vitabu.

Mtego wa kwanza ni kumhukumu mhamiaji kwa sababu ni mhamiaji. Tazama hali ilivyo: aliyekufa ni Mzungu, nyumba ni ya Mwafrika, na mji ni wa Wazungu wengi. Msomaji mwenye pupa huona kesi imekwisha kabla ya ushahidi kutafutwa. Mwandishi analichunguza jambo hili kwa kumpa kazi hiyo mpelelezi mweusi. Ishmael ni askari wa serikali, lakini rangi yake ni ile ile ya mtu anayemshuku. Akimkamata Joshua bila ushahidi, atakuwa amewapa wabaguzi wanachokitaka. Akimwachilia kwa sababu ya rangi, atakuwa amemnyima marehemu haki. Huo ndio mgogoro wa nafsi unaoisukuma hadithi mbele, na ndio unaostahili kuuchambua ukiulizwa kuhusu mhusika huyu.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa umevikwa huruma. Ni kumtakasa mhamiaji kwa sababu ya mateso anayosemekana kuyapitia. Nani angethubutu kumshuku mtu aliyewaokoa wenzake kutoka kwenye mapanga? Uchunguzi unapoendelea, sifa hiyo inaanza kumong'onyoka, na tunagundua kwamba ushujaa wenyewe ulijengwa juu ya uongo. Hapa pana kinaya kikubwa: jina linalowafanya watu wamwamini Joshua ndilo linalomficha. Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Mwandishi anaongeza kwamba mng'ao huo huwa na wanaoung'arisha kwa manufaa yao, na hao nao ni sehemu ya uhalifu.

Usidhani kwamba hayo ni ya kubuni pasipo mfano. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalidumu takriban siku 100, na mamia ya maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Watutsi. Baadaye, baadhi ya washukiwa walitoroka na kujificha katika nchi nyingine, wakaishi miongoni mwa wahamiaji wasio na hatia. Félicien Kabuga, aliyetuhumiwa kuyafadhili mauaji hayo, alikamatwa karibu na Paris, Ufaransa, mwezi Mei mwaka wa 2020 baada ya kusakwa kwa zaidi ya miaka 20. Kwa muda mrefu ilidaiwa kwamba aliwahi kupata hifadhi hata hapa Kenya. Mwaka wa 2023 majaji waliamua kwamba afya yake haikumruhusu kuendelea na kesi, kwa hivyo hukumu haikutolewa.

Sasa fikiria jirani zake. Kama kuna Mnyarwanda aliyekuwa akiuza duka katika mtaa ule ule, je, naye ni mshukiwa? Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, Tanzania, ililijibu swali hilo kwa vitendo. Ilianzishwa mwaka wa 1994, ikafungwa mwishoni mwa mwaka wa 2015, na iliwashtaki watu 93. Zingatia neno hilo: watu. Kila mmoja alishtakiwa kwa jina lake na kwa matendo yake. Haikushtaki kabila wala taifa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na methali tunayoipenda sana, isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali ni hekima, lakini haiwezi kuwa ushahidi. Katika tenga la samaki methali hii ina ukweli wake. Katika mtaa wa wahamiaji, au katika kijiji chako baada ya uchaguzi, inaweza kumwua mtu asiye na kosa.

Ukitaka mfano kutoka fasihi ya Kiswahili, rejelea Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambayo iliwahi kutahiniwa katika KCSE. Mzee Kedi, jirani wa Ridhaa, ndiye anayehusika katika kuiteketeza familia ya Ridhaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini je, Ridhaa akilipiza kisasi kwa kila mtu wa jamii ya Kedi, atakuwa amepata haki? La hasha. Atakuwa ameanzisha moto mwingine. Swali la Madison na swali la Ridhaa ni moja, ijapokuwa mandhari ni mbali kama mbingu na ardhi.

Linganisha pia na riwaya za Muhammed Said Abdulla, kama vile Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka wa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anaijua jamii anayoichunguza. Ishmael ni mgeni. Nairobi anamhitaji O amsomee mji, lugha na watu. Ugeni huo si udhaifu wa kisanii. Unamlazimisha msimulizi kuuliza maswali ambayo mwenyeji hayaulizi tena, na unampa msomaji nafasi ya kugundua pamoja naye. Pia unageuza mambo: kule Marekani mgeni alikuwa Joshua, huku mgeni ni Ishmael mwenyewe.

Kuna watakaolalamika kwamba riwaya ya namna hii huanika nguo zetu chafu mbele ya wageni. Ninaielewa hofu hiyo, na ninakiri kwamba mapigano na milio ya risasi ni mingi, kiasi cha kumfanya asiyeijua Nairobi adhani ni uwanja wa vita. Hata hivyo, kunyamaza si kulinda heshima. Jamii inayomficha mwovu wake kwa kuogopa aibu huwaacha wanyonge wake mikononi mwake. Waliokufa Rwanda walikuwa Waafrika pia. Ni nani atakayewasemea tukichagua kuficha?

Haya yote yanakuhusuje katika chumba cha mtihani? Kila mwaka kuna watahiniwa wanaoandika sentensi kama hii: "Jamii hii ni katili." Sentensi hiyo haina uthibitisho, na mtahini hawezi kuituza vyema. Andika badala yake: nani alitenda, alitenda nini, katika tukio lipi, na mwandishi ametumia mbinu gani kulifichua. Ukisema mhusika ni mnafiki, toa kauli yake, kisha utoe tendo linaloipinga. Hivyo ndivyo mpelelezi anavyofanya kazi, na ndivyo mhakiki mzuri anavyofanya.

Kisha ichukue tabia hiyo utoke nayo nje ya darasa. Karibu utapata kitambulisho na kura. Utasikia watu wakisifiwa kwa majina makubwa na wengine wakilaaniwa kwa kabila. Dai ushahidi katika hali zote mbili.

Swali la kutafakari: "Sifa ya mtu inaweza kuwa maficho yake." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea wahusika wawili kutoka kitabu teule unachokisoma.